Kaka, Hawakuwa na Saini ya Jaji

Kaka yangu Byamungu,

Jana wakili wa mkeo Odette alileta habari kwamba kesi yako imefungwa. Hukushindwa, anasema, wala hukushinda. Mahakama imeona kwamba kwa kuwa mtu aliyeomba kuachiliwa amekwisha kufariki, hakuna tena cha kuamua. Nilikuwa kwenye basi natoka kazini Odette aliponisomea maneno hayo kwa simu. Tulipoagana nikamgeukia mama mmoja wa Kizungu aliyekaa kando yangu, mtu nisiyemjua kabisa, nikamwambia kwa Kiswahili, "Wamemuua, halafu wanasema hana kesi." Akatabasamu kwa adabu, akageukia dirishani.

Kwa hiyo naandika. Naandika wazi, yeyote anayetaka asome, kwa sababu wewe ndiye uliyenisumbua miaka yote kwamba mtu mwenye haki ya kusema akinyamaza, ameitupa mwenyewe. Haya, nasema.

Wewe ulikuwa mzaliwa wa kwanza wa mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi, Kongo, nami Furaha nilikuwa kitinda mimba. Ulikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, sauti ya nne ya kwaya kila kanisa ulilokwenda. Ulicheka kwa kuchelewa, watu wakiwa wamekwisha kunyamaza. Na ulikuwa mbishi. Mama alikuwa akisema ulibishana na mkunga.

Asubuhi waliyomchukua baba, mimi nilikuwa mdogo, lakini naukumbuka uji. Mama alikuwa ndiyo kwanza anaumimina. Askari hawakupiga hodi. Mlango uliangukia ndani pamoja na fremu yake, na vumbi likaingia kwenye vikombe. Baba akauliza, "Nimekosa nini?" Mmoja wao akamjibu, "Utaelezwa mbele." Wewe ulikuwa umeanza kuota ndevu. Ulisimama kati ya baba na mlango, na askari akakusukuma kwa mkono mmoja, bila hasira, kama mtu anayesogeza kiti. Hatukuelezwa lolote, si siku hiyo wala baadaye. Baba hana kaburi.

Kutoka hapo tulikwenda kambini Kigoma, tukakulia huko, ndiyo maana Kiswahili chetu kimekaa Kitanzania na ndugu wa Fizi wanatucheka kwamba tunaongea kama watangazaji wa redio. Wewe ukaoa Odette huko huko, na mkapata nafasi ya kwenda Marekani. Mimi sikupata. Nilifika London kwa njia nyingine, ndefu, na kwa miaka nilikuwa nakwenda ofisi ya uhamiaji ya Hounslow kuripoti na kutia saini, kila mara nikijiuliza kama nitatoka au nitabaki humo. Ulikuwa unanipigia jioni ya siku hizo. "Umetoka?" Hukuuliza lingine mpaka nijibu.

Kisha maisha yakatulia. Nikapewa makaratasi, nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Stratford, nikamzaa Neema. Wewe ulikuwa kwenye mji mmoja wa bara, baridi yake mbaya kuliko yetu, ukifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Jumapili ulikuwa unapiga simu nami napiga pasi sare za wiki. Ndipo ulipoanza kusomea mtihani wa uraia.

Sijui kama uliwahi kuelewa jinsi ulivyotuchosha. Ulimfanya Neema kuwa mwalimu wako. Yeye anakuuliza kwa Kiingereza, wewe unamjibu kwa Kiingereza, kisha unanigeukia mimi na kunieleza yote kwa Kiswahili kama kwamba na mimi ninafanya mtihani. "Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, Furaha! Uhuru wa kusema, wa dini, wa magazeti, wa kukusanyika, na kuiomba serikali irekebishe makosa yake. Umesikia hilo la mwisho? Kuiambia serikali imekosea ni haki!" Nilikuwa nakujibu, "Nimesikia kaka, pasi inaunguza."

Lakini siku uliyofika kwenye Marekebisho ya Nne hukupiga kelele. Ulinisomea polepole kwamba watu wana haki ya kuwa salama katika miili yao na nyumba zao, wasipekuliwe wala kukamatwa bila sababu ya kueleweka. Nikadhani simu imekatika.

"Kaka?"

"Niko hapa." Kisha ukasema, "Huku mtu wa serikali akitaka kuingia nyumbani kwako, anasimama nje. Anasimama, Furaha. Mpaka awe na karatasi aliyoisaini jaji. Unaisoma kwanza, wewe, ukiwa ndani kwako."

Nilijua unamwona nani mlangoni.

Ulikuwa unapenda kunitania juu ya nchi yangu. "Katiba yenu nyie Waingereza iko wapi, niione?" Nikikwambia haiko kwenye kitabu kimoja, unacheka kicheko chako cha kuchelewa. "Basi mnaishi kwa kuaminiana." Na nikikueleza kwamba hapa mhamiaji anaweza kufungiwa bila sheria kutaja siku ya mwisho, unasonya. "Unaona? Uhuru uandikwe. Usipoandikwa ni fadhila tu."

Mwaka uliokuja kututembelea tulikuwa tunatoka sokoni, wewe umebeba mfuko wa mihogo, tukakuta polisi wawili nje ya kituo cha treni wamemsimamisha kijana mweusi na wanampekua mifuko. Watu wote walikuwa wanapita. Wewe ukasimama. Nikakuvuta kwa koti.

"Kaka, twende."

Hukwenda. Uliwauliza kwa Kiingereza chako kizito, kwa heshima kabisa, wanamtafutia nini na kwa sababu gani. Polisi wa kike akakujibu naye kwa heshima, akataja sheria yake, akasema unaruhusiwa kuangalia ukikaa mbali kidogo. Ukaangalia mpaka mwisho, mihogo mkononi. Kijana hakukutwa na kitu. Alipoachiliwa aliondoka bila hata kukutazama, na mimi nilikasirika kwa ajili yako, lakini wewe ulikuwa umefurahi kama mtoto.

"Umeona? Unauliza, wanajibu. Wewe bado unaogopa, mdogo wangu."

Ndiyo, kaka. Bado naogopa. Na bado niko hai.

Hilo nimelisema kwa uchungu na sitalifuta.

Ulifaulu mtihani. Ukawa unangoja kuitwa kuapa, na wito haukuja. Walikwambia faili lako linapitiwa upya. Hukuwa na wasiwasi. Kadi yako ya ukaazi ilikuwa halali, hukuwa na kosa lolote. Wakati huo mlikuwa mmempangisha chumba cha chini Mateo, mwenzako wa kiwandani, mtu wa Guatemala ambaye hata yeye hakujua vizuri makaratasi yake yamekwama wapi.

Watu wa uhamiaji walikuja Jumamosi asubuhi. Odette amenisimulia, na sehemu nyingine nimeiona kwa macho yangu, kwa sababu mtoto wenu mkubwa, Ushindi, alirekodi kwa simu. Wanaume wamejifunika nyuso, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wamesimama kwenye ngazi zako za mbele. Wanamtaka Mateo. Na wewe uko ndani, umevaa ile sweta ya kijani niliyokununulia, unaongea nao kupitia kioo cha dirisha.

"Mna hati?"

Mmoja akaibandika karatasi kwenye kioo. Video inakuonyesha ukivaa miwani. Unasoma. Unasoma mstari kwa mstari, kaka, na wale watu wanakusubiri kwa hasira, na kwa dakika hiyo moja nchi yako ilikuwa kama ulivyoniambia: wao nje, wewe ndani. Kisha ukainua kichwa.

"Hii imesainiwa na ofisi yenu wenyewe. Jaji hajasaini. Siwezi kufungua. Samahani."

Ulisema samahani.

Ulikuwa sahihi. Wakili amesema ulikuwa sahihi. Mwalimu wa sheria aliyeiangalia ile video akamwambia Odette ulieleza vizuri kuliko wanafunzi wake wengi, na Odette akamwomba tafadhali asiseme tena hivyo mbele ya watoto.

Waliuvunja mlango. Wana chuma maalumu cha kazi hiyo. Katika video mtu anasikika akiomba kwa Kiswahili, "Usipigane, Baba Ushindi, usipigane," ndiye Odette, na wewe hukupigana, uliinua mikono. Walikulaza chini hata hivyo. Walikwenda chumba cha chini wakakuta kitanda kimetandikwa. Mateo alikuwa kazini. Alikuwa ameondoka mapema kama kila Jumamosi, na kama wangemuuliza mtu yeyote kiwandani wangejua. Nyumba uliyoilinda haikuwa na mtu wanayemtafuta. Basi wakakuchukua wewe. Umewazuia maofisa kufanya kazi, walisema, na tena faili lako linapitiwa upya.

Odette alinipigia nikiwa namlisha mzee mmoja wa chumba cha mwisho. Alirudi kwenye Kiswahili cha kwao kabisa, kile cha utotoni. "Bamemubeba, wifi. Bamevunja mulango." Nilisikia, na nilikuwa tena Fizi, na vumbi kwenye uji.

Walikuhamisha. Leo uko jimbo hili, kesho hawakuoni kwenye kompyuta, keshokutwa uko jimbo jingine, jangwani, mbali na watoto. Kanisa lenu lilimtafuta wakili, mama mmoja wa makamo mwenye hasira za kimya, naye akapeleka ombi mahakamani: mleteni huyu mtu mbele ya jaji, mseme kwa sheria gani mnamshikilia. Ni haki ya zamani sana, alimweleza Odette, ya zamani kuliko Marekani yenyewe, ilitoka Uingereza. Nilipoambiwa hivyo nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya benki, katika hiyo Uingereza yenyewe, na nilitaka kucheka nikashindwa.

Jaji alikubali kusikiliza. Akaipa serikali muda wa kujibu. Serikali ikaomba uongezwe. Ukaongezwa.

Na wewe ulikuwa na sukari, kaka.

Mara ya mwisho tulipoongea, Odette alizishika simu mbili mkononi, yako ya gerezani na yangu ya London, akazilaza mdomo kwa mdomo. Sauti yako ilikuwa inatoka chini ya kisima.

"Wanakupa sindano zako?"

"Wanaleta. Si saa zake, lakini wanaleta."

"Waambie unaumwa. Kaka, piga kelele! Hayo mambo ya jaji yaache kwanza, sema unaumwa."

"Nikisema naumwa, wanasema najifanya. Lakini lile la jaji hawawezi kulikataa, Furaha. Lazima anisikilize. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi? Mlango ulikuwa umeandikwa pia!"

Ukasema, taratibu, kama unayembembeleza mtoto, "Waliukosea mlango. Ndiyo sababu kuna jaji." Ukauliza hali ya Neema, shule yake. Simu ikaisha.

Ulifia hospitali, mlango wa chumba una mlinzi. Odette aliambiwa kwa simu, na mtu asiyejua kulitamka jina lako. Siku ya kusikilizwa ilikuwa bado.

Sikuja kukuzika. Niandike hapa ili nduguzo wajue. Nilikuwa na pasi ya Uingereza mkononi na tiketi nimekwisha kuitafuta, Odette akaniambia, "Usije, wifi. Uwanja wa ndege wakikuuliza umekuja kwa nani, utawajibu nini?" Nilikuzika kwenye chumba cha wafanyakazi, simu imeegemezwa kwenye kikombe, nimevaa aproni. Kwaya yenu iliimba bila sauti ya nne na ilisikika kama meza iliyovunjika mguu. Mateo alikuja, wanasema. Alisimama upande wa pili wa barabara wakati wote, kofia mkononi, kisha akaondoka na hajaonekana tena mjini.

Mzee mmoja pale kazini, mstaafu, mtu mwema, aliponiona ninalia akaniambia mambo hayo ni ya Marekani, hapa hayawezekani. Nilimkunjia soksi nikamvisha. Nilitaka kumwambia kwamba na wewe ulikuwa ukinipa maneno hayo hayo, ukiwa upande wa pili.

Lakini aliyeniumiza zaidi ni Neema. Ana miaka ya kutosha sasa, anaelewa kila kitu. Tulikuwa tunakula, akaweka uma chini, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha London, mbona mjomba hakufungua tu mlango. Mateo hayupo, wangeangalia, wangeondoka. Angekuwa hai.

Nimekaa na swali hilo kwa sababu ndilo langu pia. Nimekukasirikia, Byamungu. Nimekukasirikia bafuni, kwenye treni, kanisani wakati wengine wanashukuru. Ungefungua! Ungevaa miwani yako baadaye. Una watoto watatu. Mimi nilijifunza kuinamisha kichwa, nikatia saini kila walipotaka nitie, nikasema asante kwa watu ambao hawakustahili, na nimemlea mwanangu. Wewe ulikwenda kuiamini nchi ya watu kuliko walivyoiamini wao wenyewe.

Kisha nikamsimulia Neema habari za babu yake. Sikuwa nimemsimulia hata siku moja. Nilimwambia juu ya mlango, na fremu, na wewe uliyesogezwa kama kiti. Alisikiliza mpaka chakula kikapoa. Mwishoni akasema kwa Kiswahili, kibovu, cha kuokotaokota, "Kwa hiyo Mjomba hakukuwa anaongea na wale watu tu."

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa anaongea nao, na wale wa kwanza pia."

Hiyo hainipi faraja. Najua watu wakifika hapa wanataka niseme nimekuelewa na moyo umetulia. Nimekuelewa, na haujatulia.

Kwa sababu sikiliza sheria yako ilipofika. Odette alimwuliza wakili, kesi ya kuachiliwa ikifungwa, je, hawa waliovunja mlango tutawashitaki? Wakili akamweleza, na naona aibu ilimshika kueleza, kwamba haki ipo, na inaelekea sana ilivunjwa, lakini kumshitaki ofisa wa serikali kuu yeye mwenyewe kwa kuvunja Katiba, mahakama ya juu kabisa imeuziba mlango huo karibu wote. Inabaki kuidai serikali yenyewe, kwa njia ya pembeni, ndefu, yenye vizuizi vyake. Miaka. Odette akamwuliza, "Sasa haki ambayo mtu hawezi kuidai inaitwaje kwa Kiingereza?" Sikuwahi kusikia kuwa wewe ulijua jibu lake. Katika maswali yale yote ya mtihani, hilo halikuwemo.

Bado sijamaliza. Kuna jambo hujui, nami nimelingoja mpaka hapa.

Mwezi uliopita Odette aliitwa kuapa. Yeye. Wewe uliyesoma mpaka ukaota maswali usingizini hukuitwa, akaitwa mkeo aliyekuwa akisinzia ukimfundisha. Alinipigia akilia kwa hasira. Wanataka asimame mbele ya bendera, ainue mkono, aape kuilinda Katiba ile ile. Nilimwambia asiende. Nilimwambia maneno makali sana, kaka, nilimwambia akienda atakuwa amekanyaga kaburi lako. Akakata simu.

Alikwenda. Aliwavalisha watoto nguo za kanisani akawachukua wote watatu. Alinipigia akiwa nje kwenye maegesho ya magari, upepo unavuma, watu nyuma yake wanashangilia na kupiga picha.

"Uliyasema?" nikamwuliza.

"Yote. Kwa sauti."

"Unayaamini?"

"Wifi, mimi si Byamungu." Alisema bila kulia. "Jumatatu wakili anaanza kudai kwa njia ile ndefu, kwa jina langu. Niliogopa kuanza nikiwa na kadi ya ukaazi, wangenibeba kama walivyombeba. Sasa mimi ni raia. Wakija kunitoa, watatoka na mimi mbele ya watoto Wamarekani, mama Mmarekani. Nimeapa ili wasiweze kunifukuza nikiwa katikati ya kuwashitaki."

Nilisikia mtu akimpongeza kwa Kiingereza, naye akijibu asante.

Lala, kaka, kama huko mlipo mnalala. Siwezi kukuaga kwa amani, kwa hiyo nakuaga hivi hivi, na hasira zangu zote, kwa kuwa wewe ulizizoea. Jumatatu imepita. Odette ameanza.

Mdogo wako wa mwisho,
Furaha